Nani anauza samaki kwa jumla?

Tulikuwa kwenye darasa la biashara kwa wakimbizi, chumba cha chini cha kanisa moja, upande wa kusini wa Louisville, Kentucky, jioni ya katikati ya wiki. Watu walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, wengine bado wamevaa fulana za ghalani. Mwalimu alikuwa amegawa karatasi yenye visanduku 12, kila kimoja na mwezi wake: unatarajia kuingiza kiasi gani, kutumia kiasi gani, kubaki na kiasi gani. Mimi nilikuwa mkalimani.

Mama mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, aliiangalia karatasi yake, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichoandikwa, akairudisha mbele. Kisha akanyoosha mkono.

"Nani anauza samaki kwa jumla hapa?"

Nikatafsiri. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba habari za wauzaji wa jumla zitakuja kwenye kipindi cha utafiti wa soko, wiki za mbele. Mama akanigeukia, sauti chini: "Mwanangu, nitajaza nini kwenye hivi visanduku kama sijui samaki atanifikia kwa bei gani?"

Nikatafsiri na hilo pia. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema aandike makadirio tu. Akaandika namba. Sote watatu tulijua namba ile haikutoka popote.

Swali lile halijaniacha.

Alifika akiwa mfanyabiashara

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoani kwetu, na dagaa wanaoliwa kule wanatoka Ziwa Tanganyika, walewale niliokua nao. Mama huyu aliuza dagaa na migebuka kambini kwa miaka mingi. Akiwashika tu, anajua dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja. Anajua mvua zikianza bei inapanda, kwa sababu samaki hawakauki. Anajua kumkopesha mtu hadi siku ya mgao, na anajua ni nani ambaye siku hiyo ikifika atapita njia nyingine.

Darasani alianza na somo la kwanza kama wenzake wote: mteja ni nani.

Sisemi mafunzo haya hayana kazi. Marekani imewafundisha wafanyabiashara wadogo kwa muda mrefu. SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, ipo tangu 1953. Mwaka 1964 kikaanzishwa SCORE, mtandao wa wazee waliostaafu wanaotoa ushauri kwa kujitolea. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon akaunda ofisi ya biashara za jamii za wachache, ile ambayo leo inaitwa MBDA. Na tangu 1991 ofisi ya shirikisho inayohusika na makazi ya wakimbizi imekuwa ikigharimia mpango wa biashara ndogo kwa wakimbizi: mafunzo, ushauri, na mikopo ya hadi dola 15,000.

Nimeona pia mtu akiokolewa na darasa lilelile. Fundi magari mmoja alikuwa karibu kusaini mkopo wa haraka, ule ambao mkopeshaji anakata sehemu ya mauzo yako ya kadi kila siku. Mwalimu alikaa naye baada ya kipindi, akachukua kalamu, akakokotoa ni kiasi gani kingekuwa kimeondoka baada ya mwaka mzima. Fundi hakusaini. Watoto wake wanne wanakula kwa ile karakana, na bado ni yake.

Kwa hiyo mwalimu hakuwa shida. Amefanya kazi benki maisha yake yote na benki anaijua hadi uvunguni. Samaki hajawahi kuuza.

"Kwa Mkongo mwenzangu? Hapana"

Jibu lilionekana liko karibu. Mjini kuna maduka ya Wakongo yenye sombe ya kuganda, unga wa fufu, mafuta ya mawese na vitenge. Wenye maduka hayo wamepita njia ileile, wanasema lugha ileile. Nikamwambia mama, nitakupeleka kwa mmoja wao akufundishe.

Akanitazama kama mtoto aliyesema jambo mbele ya wageni.

"Kwa Mkongo mwenzangu? Hapana."

Akaanza kunihesabia. Yule mwenye duka wanasali naye. Mke wake yuko kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, moja na yeye. Akijua mama ana kiasi gani, kesho atakuja binamu kuomba mkopo wa matibabu, keshokutwa mwingine kuomba wa nauli, na kukataa mbele ya kanisa hakuwezekani. Akijua ana deni, vilevile itakuwa habari. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza lile lililokuwa zito zaidi: "Na wateja wake ndio hao ninaowataka mimi. Kwa nini anifundishe?"

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Kila ninaposikia watu wakizungumza juu ya kuwalea wafanyabiashara wahamiaji, sentensi inayofuata huwa ni kwamba mlezi afanane na anayelelewa: atoke nchi yake, aseme lugha yake. Ni jambo zuri na linasemwa kwa nia njema. Lakini wanaosema hivyo wengi hawajawahi kuishi ndani ya jamii ya familia mia chache, ambamo mtu mmoja ni muuzaji wako, mdeni wako, shemasi wako na mjomba wa mkwe wako. Humo kufungua daftari lako mbele ya mwenzako ni kulifungua mbele ya wote.

Sikujua cha kufanya. Mgeni wa Kimarekani anatunza siri lakini hana jibu. Mwenzetu ana jibu, lakini siri haitakaa.

Kambare

Upande huohuo wa mji kuna maduka ya watu wa kila namna: Wavietnamu, Wakuba, Wabosnia waliofika miaka ya 90, Waburma. Siku moja nilikuwa na mama tukitafuta mchele, tukaingia kwenye duka la mzee mmoja wa Burma. Kwenye rafu ya pembeni palikuwa na samaki wakavu kwenye mifuko.

Mama akachukua mfuko mmoja, akaubonyeza, akaunusa kupitia plastiki. Mzee akamwona. Watu wa samaki wanatambuana.

"Muulize," mama akaniambia, "kambare mkavu anao?"

Mzee aliposikia akatikisa kichwa kwa nguvu, akatoka nyuma ya kaunta. Kiingereza chake ni cha kukatakata lakini alijieleza vizuri. Aliwahi kuwa nao. Walikuja wakaguzi, wakawachukua wote, na hela yake ikaenda nao.

Nilirudi nyumbani nikasoma, na mzee alikuwa sahihi kila neno. Marekani samaki karibu wote wako chini ya FDA, idara ya chakula na dawa. Lakini kambare na jamii yake yote walihamishwa mwaka 2016 kwenda wizara ya kilimo, ileile inayokagua nyama ya ng'ombe. Nchi inayotaka kuingiza kambare sharti mfumo wake wa ukaguzi ukubaliwe kuwa sawa na wa Marekani. Vietnam, China na Thailand zimekubaliwa. Kongo na Tanzania hazimo, Burma haimo. Kambare mkavu aliyefungwa vizuri kutoka Baraka, huko Fizi, au Kigoma, awe msafi namna gani, hawezi kuuzwa kihalali.

Kuna na lingine. FDA inakataza samaki mzima mkavu au wa chumvi ambaye hajatolewa matumbo akizidi inchi 5, kwa kuhofia sumu ya botulini inayoweza kutengenezeka tumboni mwake. Dagaa wetu wanaweza kupita kwa sababu ni wadogo, mradi wamekaushwa vya kutosha. Samaki mkubwa lazima apasuliwe na kutolewa matumbo kabla ya kukaushwa. Na aliyemkausha huko alikotoka anatakiwa awe amesajiliwa FDA, na mzigo utangulizwe taarifa kabla haujafika bandarini. Kitu cha ndugu aliyebeba kwenye sanduku si bidhaa ya duka, hata kama wateja wanakililia.

Fikirieni mama angeendelea na ile karatasi ya visanduku. Kambare ndiye aliyekuwa nguzo ya mpango wake. Angeandika makadirio ya mauzo ya kambare kwa miezi 12, mpango ungesifiwa, cheti kingetolewa, mkopo ungekuja, na mzigo wa kwanza ungeishia mikononi mwa mkaguzi. Deni lingebaki lake.

Mzee hakuishia kwenye onyo. Alivuta boksi chini ya kaunta, akatoa ankara zake za zamani, akaonyesha kwa kidole: huyu ni msambazaji wa Chicago, huyu analeta mzigo mdogo bila kulazimisha kontena, huyu usimguse, anachanganya wa zamani na wapya. Akamwonyesha mama alichonunulia na anachouzia, tarakimu kwa tarakimu, jambo ambalo sidhani angelifanya mbele ya Mburma mwenzake. Akamwambia aanze mapema kuomba kibali cha kupokea kadi za SNAP, msaada wa chakula wa serikali, kwa sababu wateja wake wengi wa mwanzo watalipia chakula kwa hizo, na kwa kawaida kibali hakitolewi kwa rafu ya samaki na vitenge peke yake. Kwa kawaida serikali inataka kuona vyakula vya msingi: mboga na matunda, nyama au samaki, maziwa, mkate na nafaka.

Akamwambia pia asinunue friza mpya.

Mama aliuliza, nami nikatafsiri, hadi ikafika mahali wakawa wanaelewana bila mimi. Alipotoka aliniambia huyu mzee ameuza. Hakusema zaidi.

Wanafanana kazi na hawafanani kanisa. Ndicho ninachokitaka kwa kila mfanyabiashara mgeni: mtu wa kazi ileile, aliyefika kama mgeni kama yeye, lakini asiye wa ukoo, kijiji wala ibada yake.

Dandora

Baadaye nikakutana na utafiti uliofanywa Nairobi, mtaa wa Dandora, na wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, uliochapishwa 2018. Walichukua wanawake wenye biashara changa. Kundi moja likapewa darasa la biashara la kawaida. La pili, kila mmoja akaunganishwa na mwanamke aliyekwisha kukomaa kwenye biashara palepale mtaani. La tatu halikupewa kitu.

Darasa halikuongeza faida. Waliopata mlezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20.

Sababu waliyoiona watafiti imenigusa kuliko namba yenyewe. Walezi hawakuwafanya wenzao kuwa wahasibu bora. Waliwaambia wapi pa kununua kwa bei nafuu. Ni swali la mama kabisa, limeulizwa Dandora na kujibiwa Dandora.

Lakini utafiti huohuo una sehemu inayonisumbua. Faida ile ilikuwa kubwa mwanzoni, kisha ikapungua kadiri wale wawili wawili walivyoacha kukutana. Bei hubadilika, msambazaji hufunga, mwingine huzuka, na aliyeacha kumtembelea mlezi wake hubaki na habari za mwaka jana. Nikajiuliza: basi ulezi unafundisha, au unambeba mtu tu kwa muda?

Nimelizungusha sana hilo. Naona sasa kwamba tunadai ulezi ufanye kitu ambacho biashara yenyewe haifanyi. Hakuna mwenye duka aliyejifunza bei mara moja akamaliza. Wachuuzi wa Kariakoo wanapigiana simu kila asubuhi. Mpango unaotoa mlezi kwa wiki kumi, kisha unapiga picha ya vyeti na kufunga mafaili, umekata uzi palepale unapoanza kuvuta.

Na darasa? Nalo linaweza kuponywa. Jamhuri ya Dominika, wachumi Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha masomo ya uhasibu kamili na kanuni chache nyepesi, kama vile hela ya duka na hela ya nyumba zisikae droo moja. Matokeo yao, ya 2014, yalionyesha kanuni nyepesi zilibadilisha mwenendo wa watu, na uhasibu kamili haukuleta tofauti ya maana. Droo mbili mama anazijua tangu Nyarugusu. Alikuwa anafunga za duka kwenye pindo la kitenge. Darasa lingeweza kumaliza hapo kwa jioni moja, jioni nyingine zote zikaenda dukani kwa mzee.

Hela ya likelemba

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mgeni wa Burma hatoshi.

Mama aliambiwa hana rekodi ya mikopo, kwa hiyo kwenye macho ya benki ni kama hajawahi kushika pesa. Mama huyu ni mweka hazina wa likelemba. Kina mama wanampa hela yao kila mwezi, na kila mwezi inamfikia mwenye zamu bila kupungua. Wakenya mnaita chama, sisi tunaita upatu au mchezo. Uaminifu wote ule hauandikwi popote.

Huko San Francisco, José Quiñonez, mhamiaji kutoka Mexico, alianza na jambo hilohilo. Shirika lake, Mission Asset Fund, lililoanzishwa 2007, liliuchukua mchezo wa wahamiaji kama ulivyo, wakausainia mikataba, na kila malipo yakapelekwa kwa kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Mtu anatoa hela yake kwa wenzake kama zamani, na rekodi inajengeka. Mwaka 2014 jimbo la California likalitambua jambo hilo kisheria.

Na Minneapolis kulikuwa na Hussein Samatar. Alitoka Somalia, akafanya kazi benki, kisha akaanzisha African Development Center mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliona Waislamu wenye biashara nzuri wakibaki nje ya mlango wa benki kwa sababu ya riba. Hakuwaambia wabadilike. Kituo chake kikatumia njia ambayo mkopeshaji ananunua kifaa au bidhaa, anamuuzia mfanyabiashara kwa faida iliyokubaliwa wazi, na analipwa kidogokidogo. Samatar alifariki 2013, bado kijana. Nimesikia watu wa Minnesota wakimtaja kwa heshima ambayo mabenki hayanunui.

Mzee wa Burma asingeweza kubuni lile la Samatar, wala Samatar asingejua habari za kambare. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema jamii ijilee yenyewe, wala na wanaosema mtaalamu ni mtaalamu, atoke popote. Taratibu za fedha na imani zinahitaji mtu wa ndani, mwenye nguvu ya kuzungumza na taasisi. Bei, wasambazaji na wakaguzi vinahitaji mtu wa kazi, na heri awe wa nje.

Na haraka ipo. Machi 2025 amri ya rais iliagiza MBDA ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, na suala likaenda mahakamani. Mwaka huohuo SBA ilikaza masharti ya mikopo yake mikuu: biashara imilikiwe yote na raia au wenye makazi ya kudumu. Mkimbizi ambaye hajapata kadi ya kijani, hata akiwa na hisa kidogo, aliifungia biashara nzima mlango, na tangu Machi 2026 hata mwenye kadi ya kijani hamo tena. Watu wetu wanaolea biashara zao kwa kutegemea ofisi moja ya serikali wameona jinsi ofisi inavyoweza kubadilika kwa msimu mmoja.

Saa za mwenye duka

Nilikwenda kwa msimamizi wa programu na ombi moja: mzee wa Burma alipwe.

Alinisikiliza vizuri. Akafungua bajeti, akanionyesha. Kuna fungu la mwalimu, la ukumbi, la vitafunwa, la mkalimani. Mimi nalipwa kwa saa kuyatamka maneno ya watu wengine. Mtu aliyemwokoa mama kwenye hasara ya maelfu ya dola hana fungu, kwa sababu hakusimama mbele ya ubao. Mfadhili anahesabu saa za darasa na vyeti vilivyotolewa. Jumatatu moja dukani kwa mzee haihesabiki.

Na mzee hatajitolea milele, wala asitarajiwe. Mstaafu wa benki ana pensheni. Mwenye duka akikaa na mwanafunzi saa mbili, kuna mizigo haipangwi na kuna mteja ameondoka. Tumezoea kuuchukua ujuzi wa wahamiaji kama ukarimu wao, na ujuzi wa wengine kama taaluma yao. Hilo linaniuma.

Msimamizi alisema kuna njia: ziara za dukani zinaweza kuingizwa mwaka ujao kama msaada wa kiufundi, ikiwa kuna atakayeandika maombi yenye maelezo ya kutosha. Nimesema nitaandika mimi. Nilirudi kwa mzee kumuuliza masharti yake, na haya ndiyo niliyoyaweka kwenye ukurasa wa kwanza: Jumatatu asubuhi tu, kwa sababu siku hiyo lori haliji. Wanafunzi wawili, wasizidi. Yeye na wenye maduka wengine watakaokubali walipwe kama anavyolipwa mwalimu. Ziara ziendelee mwaka mzima baada ya cheti, angalau mara moja kwa mwezi. Na anayetaka kufungua duka kwenye barabara ileile apelekwe kwa mlezi mwingine.

Hilo la mwisho msimamizi aliniomba nilitoe, akisema linaonekana baya kwa mfadhili. Nimelirudisha.